Ua Moja la Baba

Baba aliposhuka kwenye taksi iliyomleta kutoka Beni alikuwa na sanduku, redio, na gunia dogo alilolipakata magotini njia nzima. Dereva alitaka kulitupa nyuma pamoja na mikungu ya ndizi. Baba kwa kawaida ni mtu wa kukubali kila kitu ili yaishe, lakini siku hiyo aligoma. Sanduku alimwachia mume wangu. Redio alimpa binti yangu. Gunia hakumpa mtu. Aliingia nalo mpaka sebuleni, akaliweka juu ya meza na kuanza kufungua kamba taratibu, huku sisi tumesimama tunamwangalia bila hata kumpa maji ya kunywa.

Mume wangu alichungulia, akafurahi. "Papa ametuletea viazi!"

"Haiko ya kula," Baba akasema. "Hii njo maua ya mama yao."

Yalikuwa mashina mawili ya dalia, yamekauka. Kila moja lilikuwa na kipande cha bua la zamani kilichokatwa kifupi, na chini yake viazi vinene vimeshikana kama vidole vya mkono uliovimba. Bado vilikuwa na udongo wa Beni. Baba aliupuliza kidogo kwa mdomo, kisha nadhani alijuta, maana aliukusanya kwa kiganja na kuurudisha ndani ya gunia.

Mama alikuwa amefariki Novemba iliyotangulia, nyumbani kwao katika komuni ya Beu, mjini Beni. Baba alikataa kuondoka. Miezi minane tulimbembeleza, mimi na kaka yangu, mmoja kwa upole na mwingine kwa makelele, na wanaonijua hawahitaji kuambiwa nani alikuwa wa makelele. Habari za usalama pembeni mwa mji hazikuwa nzuri, na mzee anayepika ugali mbichi haachwi peke yake na redio. Mwishowe alikubali kuja kwangu Butembo, kwa sharti moja: apewe kipande cha ardhi mbele ya nyumba, mahali ambapo anaweza kuweka kiti na kukitazama.

Nilimpa. Palikuwa mahali pangu pa vitunguu, na niliving'oa bila kunung'unika, jambo ambalo kwangu ni adimu.

Lazima niseme dalia zile zilikuwa nini kwetu. Kule Beu, Mama alikuwa amezipanda mbele ya nyumba, kutoka mlangoni hadi kwenye uzio, zote za rangi moja, nyekundu iliyoiva sana, rangi ya divai ya misa. Beni kuna joto, na dalia hazipendi joto. Aliziwekea majani ya migomba miguuni, akazinywesha maji aliyooshea mboga, akazifunga kwenye vijiti kwa vitambaa vya nguo zilizochakaa. Tulipokuwa wadogo tulizoea kusimama pale bustanini tukitambua magauni yetu ya zamani.

Kila Jumamosi alasiri alizikata kwa ajili ya altare, maana alikuwa mmoja wa wamama wa kupamba kanisa. Alizikata zote ila moja. Moja aliiacha kila wiki, ile iliyokuwa karibu na dirisha la chumba chao. Baba alikuwa na wivu na kanisa, na hakuuficha. "Padri anapata ndoo mbili," alikuwa akisema kutoka kwenye kiti chake, "miye napata nini?" Mama aliinua kidevu tu kuelekea dirishani, pale ua moja lilipobaki, akajitwika ndoo yake, akaenda zake. Mimi nilidhani ni utani wao wa watu wazima. Sikuwahi kuuliza.

"Ku misa yake ya mwaka," Baba aliniambia jioni ile ile aliyofika, "nataka ua yake ikuwe ku altare. Ya kwake mwenyewe. Hapana ya kuomba kwa batu."

Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Ilikuwa mwisho wa Julai, bado kiangazi, na misa ilikuwa mwisho wa Novemba. Muda ulikuwepo, na mimi nilikuwepo. Kwa maoni yangu ya siku zile, hivyo viwili vilitosha kwa jambo lolote duniani.

Sasa nifike kwenye kisu.

Sisi ni watu wa Kipese. Baba na Mama walizaliwa kule juu kwenye baridi, ambako mtoto anajua viazi vya kizungu kabla hajajua Baba Yetu. Likizo zangu zote nilizipitisha kwa bibi, na kazi ya wasichana ilikuwa kukata mbegu. Unashika kiazi, unakigeuza, unatafuta macho, unakata ili kila kipande kibaki na jicho lake. Upande uliokatwa unauchovya kwenye majivu, unaanika kivulini siku moja, unapanda. Kiazi kimoja kinakupa mashina matatu au manne. Bibi alinisifu mbele ya watu kwamba mkono wangu haupotezi jicho hata moja, na sifa hiyo niliibeba hadi utu uzima. Juu ya hapo mimi ni mwalimu wa darasa la sita. Kila mwaka nachora kiazi ubaoni, pamoja na macho yake, na mishale.

Katikati ya Agosti Baba alipigiwa simu aende Kipese kwenye matanga ya binamu yake. Aliondoka Jumatatu. Jumanne mvua ya kwanza ikanyesha, mvua nzuri, ya kuingia ardhini. Nikaona nisimngoje. Nilitaka arudi akute kazi imekwisha. Hakuwa ameniagiza chochote kuhusu namna ya kupanda, kwa sababu hata yeye hakujua. Kwao Mama alikuwa wa kupanda na yeye wa kuangalia. Na mimi sikumuuliza mtu. Mtu wa Kipese akamuulize nani habari za kiazi?

Nilikaa mlangoni mwa jikoni na kisu changu cha mpini mweusi na sahani ya majivu. Niliyatazama yale mashina mawili, tamaa ikanishika. Mashina mawili tu! Baba aliomba ua moja la altare. Mimi nitampa bustani nzima, kutoka mlangoni hadi kwenye uzio kama kule, asahau kwamba aliwahi kuhama. Nilivibandua viazi kimoja kimoja, nikavikata vipande. Macho yake yalikuwa magumu kuyaona. Kulikuwa na vinundu tu hapa na pale kwenye ngozi, palipokuwa pameota vijizizi, lakini nilijiambia kila mmea una sura yake. Mabua ya zamani, pamoja na ile shingo ngumu iliyoyashikanisha na viazi, niliyatupa kwenye shimo la takataka nyuma ya jikoni. Nani amewahi kupanda bua la kiazi? Nilipata vipande ishirini na sita. Nilivichovya, nikavianika, nikavipanda kwa mistari iliyonyooka, kisha nikampigia kaka yangu simu ili nijisifu.

Baba aliporudi na kuona udongo umelimwa na kusawazishwa, alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili. "Wasingya," akasema, asante ya Kinande, "wasingya, mama." Huniita mama akiwa na furaha sana.

Kesho yake asubuhi, baada ya chai, alivaa kofia yake, akabeba kiti mpaka mbele ya kile kitalu, akakaa na rozari. Kesho kutwa vilevile. Ikawa ndiyo kazi yake ya kila siku. Watu waliopita njiani walimsalimu, naye aliwajulisha kwamba chini hapo kuna dalia.

Wiki ya kwanza hapakutoka kitu. Wiki ya pili hapakutoka kitu. Nikasema ni baridi ya Butembo. Baba akasema Mama hakuwahi kuziharakisha. Wiki ya tatu aliniita kwa sauti kubwa, akitikisa kofia, nije nione mmea wa kwanza. Ulikuwa mchicha. Nilimwambia ni mchicha, kwa ukali ambao haukuhitajika, naye akacheka kidogo akasema macho yake yamezeeka.

Jioni hiyo alipokwenda kanisani nilifukua kipande kimoja. Kidole changu kiliingia ndani. Ulikuwa uji mweusi unaonuka. Nikafukua cha pili, cha tano, cha kumi. Vingine bado vilikuwa na ngozi, lakini ukiminya ni maji matupu. Nilifukia yote upya na kusawazisha udongo kwa kiganja ili isijulikane. Nakumbuka vizuri sana kwamba nilisawazisha.

Hapo ndipo nilipotenda lile kosa lingine, ambalo halikuwa la kisu. Sikumwambia. Asubuhi iliyofuata nilimwona dirishani akitoka na kiti chake, wakati nasuka nywele za binti yangu kwa ajili ya shule, nikavuta kwa nguvu mpaka mtoto akalia. Siku kumi na mbili niliishi hivyo. Yeye alikuwa nje akiomba mbele ya udongo mtupu, na mimi ndani nikigombana na kila kitu: chumvi, mlango usiofungika, mume wangu aliyethubutu kuuliza nina nini. Watu wengi hawapendi kukosea, sikatai. Ubaya wangu mimi ni kwamba nikikosea naanza kumkasirikia yule niliyemkosea. Kila Baba aliponishukuru kwa kitalu kile nilitamani anyamaze.

Nikapanga kutengeneza mambo kimyakimya. Jumamosi moja ya Septemba nilimdanganya kwamba nina mkutano wa walimu, nikapanda taksi kwenda Beni. Nilijiambia kwamba maua yaliyokaa mahali pamoja miaka thelathini hayawezi kuisha. Lazima kuna kiazi kilichosahaulika ardhini. Nitakichimba, nitakipanda, Baba hatajua kitu.

Nyumba ya Beu tulikuwa tumeipangisha kwa familia moja ya watu wema. Walinipa kiti na chai. Mbele, kutoka mlangoni hadi kwenye uzio, palikuwa na maharage yamestawi vizuri, yamepanda kwenye vijiti vya Mama. Vijiti vilikuwa vile vile. Kwenye kimoja kilikuwa bado kimefungwa kitambaa cha njano cha gauni langu la utotoni.

"Ile majani tulitoa yote," mama wa nyumba alinieleza, akidhani ananifurahisha. "Tulichimba mpaka chini kabisa, ju ilikuwa na mizizi mingi. Tukapatia mbuzi."

Nikamwambia wamefanya vizuri. Nilikunywa chai yote. Wana watoto sita na ardhi ni ya kulima, na maharage hayakunikosea lolote, ingawa siku hiyo nilikuwa tayari kuyang'oa yote.

Nilikuwa natoka, nimejikaza, jirani yetu wa zamani aliponiita kutoka ng'ambo ya uzio. Ni mama wa Kiprotestanti, shemasi kanisani kwao, mwenye ulimi kama wangu. Miaka yote alimtania Mama kwamba Wakatoliki wanamlisha Mungu majani. Alinikumbatia, nikamwuliza kama Mama hakuwahi kumpa viazi vya dalia.

"Alinipatia mara tatu," akasema. "Nilikatala. Nilimuambia, kama haiko ya kula, itanisaidia nini?" Akatazama maharage. "Mara tatu, mwana. Leo njo naona ningekubali."

Nikaanza kulia. Mimi ambaye kwenye mazishi sikulia, kwa sababu nilikuwa na kazi ya kupanga viti na kugombeza wapishi, nililia pale barabarani mbele ya watu. Nilimweleza kila kitu: kisu, majivu, vipande ishirini na sita. Alisikiliza mpaka mwisho, akajipiga paja.

"Ulizikata sawa pomme de terre, viazi ya kula? Weye, mwalimu?"

"Nilizikata."

"Lakini mama yako alinionyeshaka! Alikuwa anakaa pale, miye huku, anaongea tu peke yake juu ya maua yake. Dalia haina macho ku tumbo. Macho yake yote iko ku shingo, pale kiazi inashikana na bua. Ukikata tumbo unapanda nyama tu, itaoza. Sasa ile shingo, uliiweka wapi?"

Sikumbuki kama nilimuaga.

Njia ya kurudi ilikuwa ndefu kuliko ya kwenda. Dereva alisimama kuchukua watu, akasimama kupakia mkaa, akasimama kuongea na mwenzake, na kila mara nilimwambia maneno ambayo mwalimu hapaswi kuyasema. Nilipofika nyumbani palikuwa bado na mwanga. Sikuingia ndani. Nilizunguka jikoni na kwenda moja kwa moja kwenye shimo, nikapiga magoti na kitenge changu cha safari. Takataka za wiki tano zilikuwa humo: maganda, majivu, majani ya migomba, mabaki ya maharage. Nikaanza kuchimba kwa mikono.

"Mkutano ya balimu njo inafanyikaka mu shimo?"

Baba alikuwa amesimama nyuma yangu na fimbo yake. Uongo ulikuwa tayari mdomoni mwangu, wa kijiko kilichopotea, na ungetosha kabisa. Lakini nilikuwa nimechoka nao. Nilisema bila kugeuka.

"Papa, niliharibu maua ya Mama. Nilikata sawa viazi ya Kipese. Yote ilioza. Pale unakaaka asubuhi, chini hakuna kitu. Najua tangu juma mbili."

Nilisikia fimbo yake ikiondoka, nyayo zake kwenye saruji, mlango wa nyumba ukifungwa. Niliendelea kuchimba kwa sababu sikujua nifanye nini kingine na mwili wangu. Baada ya muda mlango ulifunguliwa tena. Baba alirudi amevua kofia na shati lake zuri, amebaki na fulana. Akashuka magotini polepole, mkono mmoja ukutani, na magoti yake ni mabovu. Sikuthubutu kumshika.

"Upande gani ulitupa?"

Nikamwonyesha. Tulichimba wawili kwa vidole, bila jembe, tukiogopa kukata tena. Shingo ya kwanza niliipata mimi, ikanivunjikia mkononi kama mkate uliolowa. Tukaendelea. Ya pili aliipata yeye. Ilikuwa imelala kichwa chini, imefunikwa na jani la mgomba, na kando yake kilikuwa kimebaki kipande cha kiazi ambacho kisu changu kilikiruka kwa haraka zake. Kutoka kwenye shingo ile vilikuwa vimetoka vichipukizi viwili, vyeupe kwa kukosa jua, na ncha zake nyekundu. Baba aliishika juu ya viganja vyote viwili na kuitazama sana. Mimi hakunitazama.

Tuliipanda nzima kabla ya giza, katikati ya kile kitalu.

Mtu angedhani yaliishia hapo. Kesho yake Baba hakusema nami. Salamu aliitikia, chakula alishukuru, basi. Siku tatu. Katika nyumba yangu mimi ndiye mwenye kazi ya kununa, na sikujua mtu anayenuniwa hufanya nini siku nzima. Siku ya nne alinikuta nafua mashuka, akasema bila kuanza na lolote:

"Kukata, haiko kitu. Hata miye ningekata, niko mutu wa Kipese pia. Lakini uliniacha nikae pale. Kila asubuhi nilikuwa namuambia mama yako: ngoja kidogo, mutoto yako amekupanda vizuri."

Nilimwomba msamaha. Hayakuwa maneno mazuri, nilikuwa na shuka linalochuruzika mikononi na kamasi puani. Baba alichukua ncha moja ya shuka, tukalikamua pamoja, yeye akizungusha huku na mimi kule, kisha tukalitundika kwenye kamba. Akaenda kuchukua kiti chake.

Kuanzia siku hiyo tuliangalia wawili. Kabla ya kwenda shule nilisimama kidogo nyuma ya kiti chake, na nilipochelewa wanafunzi wangu walinisubiri, jambo lililowashangaza kuliko lolote. Vichipukizi vilipata rangi ya kijani, vikatoa majani, kimoja kikakatika kwa konokono, kingine kikaenda juu. Oktoba mmea ulifika magotini na kuhitaji kijiti. Nilikwenda kutafuta kitambaa, lakini Baba alikuwa amefungua sanduku lake na kutoa kitenge cha Mama, kile cha Pasaka. Akachana ukingo wake, utepe mwembamba tu, akanipa nifunge. Mvua ya mawe ilipopiga, mvua ile ya Butembo inayotoboa majani ya migomba, nilitoka mbio nikamkuta amesimama bustanini na mwavuli. Yeye alikuwa amelowa mpaka mifupani. Mwavuli ulikuwa juu ya dalia. Nilimgombeza mpaka sauti ikanikauka, nikamkausha kichwa kwa taulo kama mtoto, na moyoni nilimpenda kiasi cha kuumia.

Novemba dalia ilitoa tumba moja, kisha mengine mawili madogo sana chini yake. Misa ilikuwa Jumapili. Jumatano tumba lilikuwa bado limefumba, kijani kitupu. Baba hakuimaliza chai yake. Alhamisi palionekana mstari mwekundu. Ijumaa lilianza kulegea upande mmoja. Jumamosi asubuhi lilikuwa limefunguka lote, pana kuliko kiganja changu, na rangi yake ilikuwa ile ile. Kule Beni joto lilikuwa likiyafanya madogo. Mama hakuwahi kuona ua lake likiwa kubwa namna hiyo.

Tulilitazama mpaka alasiri. Kisha Baba aliingia ndani, na nilisikia akisogeza vitu jikoni. Kisu cha mpini mweusi nilikuwa nimekificha juu ya kabati tangu Septemba, na sikukishika tena, hata vitunguu nilikuwa nakata kwa kingine. Alitoka nacho. Alikuja mpaka niliposimama akanipa, mpini ukiwa upande wangu.

"Kata," akasema.

Nilitazama lile ua moja, na yale matumba mawili ambayo hayangefunguka kabla ya wiki nyingine. Nikaona dirisha la Beu, na Mama akiinua kidevu.

"Papa, iko moja tu," nikamwambia. "Mama alikuachiaka moja kila Jumamosi. Hii njo yako. Ku kanisa bataweka ya bengine."

Hakuteremsha mkono.

"Aliniachiaka moja kila juma, miaka makumi tatu," akasema. "Leo ni miye namuachia."

Nilichukua kisu. Baba aliinama, akashika bua kwa vidole viwili juu kidogo ya kile kitambaa cha Pasaka, ili lisitikisike.

"Nikate wapi, Papa?" nikauliza.

Akaniwekea kidole kwenye fundo la bua. "Hapa, mama," akasema, nami nikakata hapo.